George Whitehouse: Mhandisi Aliyeugeuza Mji Wetu

Wanachama wenzangu, wengi wetu tunaota kusomea uhandisi wa barabara na reli chuo kikuu, mpaka shahada ya pili na zaidi. Basi tumjue mtu aliyeuleta ujuzi huo kisiwani petu.

George Whitehouse alizaliwa mwaka wa 1857, akasoma King's College, London. Siku hizo hakukuwa na shahada ya juu ya kupanga usafiri. Mhandisi kijana akitoka chuoni, yaliyobaki alijifunza kazini. Darasa lake likawa reli za Afrika Kusini, Mexico, Amerika Kusini na India. Alipotia mguu Mombasa, Desemba 1895, akiwa Mhandisi Mkuu wa Reli ya Uganda, hata miaka arobaini hajatimiza.

Alikuta mji umeelekea mashariki. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakatia nanga Bandari ya Kale, na mahamali wakapandisha mizigo kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Lakini mlango ule ni mwembamba kwa meli kubwa zenye kuleta injini, vyuma na mataruma. Whitehouse akaenda upande wa pili wa kisiwa, Kilindini. Jina lenyewe, wasomaji, lilikwisha kusema: kilindi ni maji ya kina kirefu! Tangu hapo biashara kubwa ikahamia magharibi, na Bandari ya Kale ikabaki na majahazi yake.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Ilianza 1896. Mombasa ni kisiwa, kwa hivyo kabla ya yote ilibidi kuvuka Makupa. Akajenga daraja la muda la mbao badala ya kungoja la chuma. Mvua zikabomoa matuta, malaria ikawalaza watu. Ng'ambo ya pili likawangoja nyika la Taru, halina maji, ikawa maji ya kunywa yanafuata kwa treni. Reli ilikuwa ya upana wa mita moja, kama nyingi za India, na wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka huko huko. Karibu 2,500 walikufa. Simba wa Tsavo wa 1898 tunawasimulia sana, lakini maradhi na ajali ndizo zilizomaliza watu.

Mwaka wa 1899 reli ilifika Nairobi, uwanda wa kinamasi chini ya milima. Whitehouse akaona hapo ndipo pa kupumzika kabla ya kupanda, akahamisha makao makuu ya reli kutoka Mombasa. Kihandisi alifanya sawa, lakini sisi watu wa pwani bado twalihisi pigo hilo.

Desemba 1901 reli iligusa ziwa, Kisumu, maili 582 kutoka Mombasa. Mwaka uliofuata alipewa cheo cha Sir. Alifariki 1938. Nairobi waliwahi kuiita barabara kwa jina lake, Whitehouse Road. Leo ni Haile Selassie Avenue.