Julius Kambarage Nyerere (1922–1999) na Huduma ya Afya Vijijini

1. Maisha ya awali

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kijijini Butiama, karibu na Musoma, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mwaka 1934 alianza shule Mwisenge, Musoma, kisha akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh. Aliporudi nchini alifundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU iliundwa, naye akawa rais wake.

2. Funzo kutoka Usukuma

Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasukuma kupunguza mifugo na kufuata kanuni za kuhifadhi udongo. Waliokaidi walitozwa faini. Wakulima walipinga, na kuanzia 1954 hadi 1958 TANU ilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi katika eneo hilo. Jambo lililokusudiwa kuwafaa watu lilikataliwa kwa sababu wao wenyewe hawakushirikishwa.

3. Hoja ya usawa

Baada ya Uhuru, hospitali kubwa zilikuwa mijini, lakini wananchi wengi waliishi vijijini. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilieleza udhalimu huo kwa hesabu rahisi. Hospitali ikijengwa kwa mkopo wa nje, deni hulipwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao kama pamba. Hivyo mkulima hulipia hospitali ambayo yeye haitumii. Oktoba 1967 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika Mwanza, katikati ya eneo la pamba, na Nyerere aliwafafanulia wajumbe Azimio hilo.

4. Kutoka hoja hadi utekelezaji

(a) *Uamuzi wa chama.* Mwaka 1971 TANU iliamua kwamba afya, maji na elimu vijijini vipewe kipaumbele. Mwaka huohuo Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki, ilifunguliwa Mwanza. Serikali iliichukua mwaka 1972 na kuirudisha kwa Kanisa mwaka 1985.

(b) *Zahanati na vituo vya afya.* Wakati wa Uhuru vituo vya afya vilikuwa 22. Kufikia 1980 vilizidi 200, na zahanati zilizidi 2,000. Mara nyingi wanakijiji walitoa nguvu kazi katika ujenzi, na serikali ikaleta watumishi na dawa.

(c) *Elimu kwa umma.* Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza redio, walisoma vijitabu, wakajadili malaria na kuhara, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka.

Mwaka 1977 matibabu binafsi ya kibiashara yalipigwa marufuku. Mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata wa 1978 ulipotangaza huduma ya afya ya msingi, Tanzania ilikuwa tayari imeianza.

5. Kasoro

Kati ya 1973 na 1976 watu walihamishiwa vijijini, na sehemu nyingi walilazimishwa. Serikali ilidai kwamba huduma, ikiwemo afya, zingefika kwa urahisi watu wakiishi pamoja. Hata hivyo, nguvu ilirudisha kosa lililofanywa na wakoloni Usukuma. Vilevile, bei ya mafuta na vita dhidi ya Idi Amin (1978–1979) viliidhoofisha hazina, na zahanati nyingi zikakosa dawa.

6. Mwisho wa maisha yake

Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 jijini London, alikokuwa akitibiwa saratani ya damu, akazikwa Butiama.

Zingatia: Jengo la zahanati peke yake halileti usawa. Linahitaji uamuzi wa kisiasa, ushiriki wa wananchi, na fedha za kulipia dawa na watumishi kila mwaka.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini mkulima wa pamba alihesabiwa kuwa mlipaji wa hospitali za mijini?
2. Linganisha kampeni ya Mtu ni Afya na uhamishaji wa watu vijijini. Ni ipi ilijenga imani ya wananchi, na kwa nini?
3. Chunguza zahanati iliyo karibu nawe. Wananchi wanashirikije katika kuiendesha?