Edwin Link: Fundi wa Vinanda Aliyefundisha Urubani Ardhini

Miongoni mwa watu ambao sisi walimu yatupasa kuwafahamu, wamo ambao hawakupata kushika chaki. Edwin Albert Link ni mmoja wao. Mafundi na marubani humkumbuka kwa mashine yake. Katika makala haya tunakusudia kumtazama kwa upande wa mbinu za ufundishaji, kwa kuwa swali alilolishughulikia ni lile lile linalotukabili wakufunzi kila muhula: mwanafunzi atajifunzaje kutenda jambo ambalo kulikosea ni hatari, au ambalo chombo chake hakipatikani?

Link alizaliwa tarehe 26 Julai, 1904, katika mji wa Huntington, jimbo la Indiana, Marekani. Mwaka 1910 jamaa yake ilihamia Binghamton, jimbo la New York, ambako baba yake aliendesha kiwanda cha vinanda. Vilikuwa vinanda vikubwa vya makanisa na majumba ya sinema, vyenye pampu, vali na mivukuto. Pia vile vilivyojipiga vyenyewe kwa kufuata karatasi yenye matundu. Kijana alikulia humo. Elimu yake ya darasani haikufika chuo kikuu, lakini aliijua hewa iliyofungiwa ndani ya ngozi na mbao kama wahunzi wa Ufipa walivyoijua mivukuto yao.

Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 16, alilipa dola 50 huko California ili afundishwe kurusha ndege. Rubani alimpandisha, akaipindua ndege angani, akaizungusha, akaishusha hadi karibu na mapaa ya nyumba, kisha akatua. Kwa muda wote huo mwanafunzi hakuruhusiwa kugusa chochote. Aliteremka akiwa ameona mengi na hajajifunza lolote. Tunaomba msomaji alitafakari somo hilo kabla ya kumcheka rubani yule. Ni masomo mangapi ya sayansi katika shule zetu ambamo mwalimu hushika mizani au betri mbele ya wanafunzi 80, akaonyesha kwa ustadi, na kengele ikalia kabla ya mkono wa mtoto hata mmoja kukifikia chombo? Hapa Katumba, katika makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania, madarasa yaliyojaa si habari ngeni.

Link aliendelea kujifunza urubani kwa shida na gharama, akawa rubani. Kisha, kati ya mwaka 1927 na 1929, alijifungia katika chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake na kuunda ndege isiyoruka. Ilikuwa na kiwiliwili kifupi cha mbao, mabawa ya kimo cha mtoto, kiti kimoja, usukani na pedali. Chini yake aliweka mivukuto ya vinanda. Mwanafunzi aliposukuma usukani, vali zilifunguka, pampu ya umeme ikavuta hewa, mivukuto ikajaa au ikanywea, na chombo chote kikainama, kikalala upande au kikageuka, kama ndege halisi ingefanya. Hakuna kitu kipya ndani yake ambacho fundi wa vinanda hakukijua. Kilichokuwa kipya ni matumizi. Sisi tunaona hilo ndilo la kuigwa na yeyote atengenezaye zana za kufundishia: alianza na vitu vilivyokuwa karatani.

Wakuu wa urubani hawakumjali. Wanunuzi wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya michezo ya kujifurahisha, ambako watu walilipa sarafu kukaa ndani na kuyumbishwa. Link alifungua shule yake ya urubani mwaka 1930, lakini hali ya uchumi ilikuwa mbaya na wanafunzi wakawa wachache. Mwaka 1931 alimwoa Marion Clayton, aliyekuwa mwandishi wa habari, na ambaye tangu hapo alishiriki katika kazi zake nyingi.

Mabadiliko yaliletwa na vifo. Mwezi Februari, 1934, jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake hawakuwa wamezoea kuruka usiku na katika mawingu kwa kutegemea vipimo tu, na katika majuma machache kadhaa walianguka na kufa. Maofisa wakakubali kumwona Link mjini Newark. Siku ile kulikuwa na ukungu mzito, nao walikuwa karibu kuondoka wakiamini kwamba hatafika. Akatua, akiwa ameongozwa na vipimo vyake. Jeshi likanunua mashine 6 kwa dola 3,500 kila moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na marubani wapatao nusu milioni walipitia humo.

Yafaa tueleze jinsi somo lilivyoendeshwa. Mwanafunzi alifunikwa kwa kifuniko asione nje. Mwalimu alikaa mezani, akizungumza naye kwa simu ya masikioni. Juu ya meza kulikuwa na ramani, na juu ya ramani kidude chenye magurudumu matatu, kilichoitwa kaa, kikichora kwa wino njia ambayo ndege ingepita. Somo lilipokwisha, kosa halikuwa jambo la kubishania, lilikuwa limechorwa. Mwanafunzi aliyegonga mlima aliteremka mzima, akautazama mstari wake, akarudia.

Sasa, gizani chini ya kifuniko kile, macho yakiwa kwenye vipimo, ni mkono unaotafuta vishikio. Jambo hili lilifanyiwa kazi na mtu mwingine, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis, mwaka 1943. Marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakakunja magurudumu badala ya flapu, kwa sababu vishikio viwili vilifanana na kukaa jirani. Chapanis alifunga kipande chenye umbo la gurudumu kwenye kimoja na chenye umbo la kabari kwenye kingine. Kosa likakoma. Hadi leo kishikio cha magurudumu huwa na umbo la gurudumu.

Tunalitaja kwa kuwa siku hizi wapo vijana wanaounda chumba cha rubani nyumbani, kwa kompyuta na mbao, na kazi hiyo yafaa sana kwa somo la fizikia na ufundi. Aghalabu fedha huishia kwenye kioo cha kompyuta, na vifundo vikachukuliwa vyovyote, vyote sawa. Kwa maoni yetu huko ni kuanza na mkia. Kifundo cha kuchagua uelekeo hakina mwisho wa kuzunguka, basi kisifungwe kwenye kipima-ukinzani cha redio, ambacho hugota pande mbili. Hicho kiachiwe taa. Kile cha masafa ya redio ni viwili katika ekseli moja, kikubwa nje na kidogo ndani, na kila hatua yapaswa kusikika kidoleni. Katika ndege nyingi ndogo kishikio cha nguvu za injini ni cheusi, cha rafadha ni cha buluu na cha mchanganyiko wa mafuta ni chekundu. Mninga uliokerezwa vizuri utatosha kwa vyote, mradi mwanafunzi aliyefumbwa macho aweze kuvitofautisha. Jaribio hilo halina gharama, nalo lifanywe kabla ya kupaka rangi.

Link aliuza kampuni yake mwaka 1954 na kugeukia bahari. Alichunguza mabaki ya mji wa Port Royal, Jamaika, mwaka 1959, na mwaka 1962 alisimamia jaribio ambamo Robert Sténuit alikaa zaidi ya siku nzima katika kina cha futi 200 kwenye bahari ya Mediterania. Mwezi Juni, 1973, nyambizi ndogo aliyoibuni ilinasa katika mabaki ya meli karibu na Key West, Florida. Wawili kati ya wanne waliokuwemo walikufa, na mmoja wao alikuwa mwanawe. Mzee alikuwa na umri wa miaka 68. Alirudi mezani, akabuni chombo chenye kamera na kikata-kamba, kinachoshushwa kwa waya kwenda kuwaokoa walionaswa chini ya maji. Alifariki Binghamton tarehe 7 Septemba, 1981.