Zondek, daktari aliyefungua njia ya vipimo vya homoni ya mimba

MAMA wa Manchira, wilayani Serengeti, anayekosa siku zake kisha kupatwa na maumivu makali ya tumbo na kutokwa damu, huhitaji jibu la haraka: je, mimba imetunga nje ya kizazi? Njia ya kulipata jibu hilo ilianza na Dk. Bernhard Zondek.

Alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa Wronke, uliokuwa Ujerumani na sasa upo Poland. Mwaka 1928 mjini Berlin, yeye na mwenzake Selmar Aschheim walitangaza kipimo cha mimba. Panya wachanga walidungwa sindano ya mkojo wa mwanamke, na majibu yalipatikana baada ya takriban siku tano.

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Zondek, aliyekuwa Myahudi, alifukuzwa kazi. Alikimbilia Stockholm, kisha akahamia Jerusalem, alikoendelea na utafiti. Alifariki dunia mwaka 1966.

Kwa anayevuja damu tumboni, siku tano ni kifo. Leo homoni hiyo, hCG, hupimwa katika damu na majibu kupatikana siku hiyo hiyo. Kipimo hicho husomwa pamoja na picha ya ultrasaundi, lakini mama aliyezidiwa hupelekwa chumba cha upasuaji bila kusubiri.