Maisha ya Alexander Fleming na Onyo Alilotuachia



Mhariri ameniomba niandike katika sehemu hii ya Kiswahili habari za mtu mmoja mashuhuri. Nimemchagua Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, kwa sababu mbili. Kwanza, tangu nilipoondoka shuleni kazi yangu imekuwa katika maabara ya hospitali, na kila siku natumia jambo ambalo mtu huyu aliliona juu ya meza yake. Pili, watu wengi wajua nusu tu ya habari zake. Wajua kwamba alituletea dawa. Hawajui kwamba yeye mwenyewe alionya mapema jinsi dawa hiyo itakavyoweza kutupotea.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti, 1881, katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel huko Scotland. Baba yake alikuwa mkulima. Alioa mara mbili, na watoto wa mama wote wawili walikuwa wanane. Alexander alikuwa wa saba. Alipokuwa na umri wa miaka 7 baba yake alifariki, na mama yake pamoja na kaka yake mkubwa wakaendelea kulitunza shamba. Watoto walikwenda shuleni kwa miguu, mwendo mrefu, katika mvua na baridi. Katika makonde na vijito vya kwao Fleming alijifunza kutazama vitu kwa makini, na tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote.

Mwaka 1895 alikwenda London kukaa na kaka yake mwingine aliyekuwa daktari. Akasoma huko kwa muda, kisha akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya kampuni ya meli. Kazi hiyo hakuipenda, lakini aliifanya miaka minne. Mwaka 1901 akarithi paundi 250 kutoka kwa mzee mmoja wa ukoo wake, akaamua kusomea udaktari. Alifanya mtihani wa kuingia, akashinda na kupata msaada wa masomo. Alichagua chuo cha Hospitali ya St Mary's kwa sababu ambayo wachezaji wetu wataifurahia: aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu yao!

Hapa yafaa niondoe hadithi moja inayosimuliwa sana. Husemwa kwamba baba yake Fleming alimwokoa Winston Churchill utotoni, na kwamba baba yake Churchill kwa shukrani akamlipia Fleming karo ya shule. Hadithi hiyo ni tamu lakini si kweli. Fleming alisoma kwa urithi mdogo, kwa kufaulu mtihani, na kwa kufanya kazi.

Alipata udaktari mwaka 1906, na michezo ikamfaa tena. Alikuwa hodari wa kulenga shabaha kwa bunduki, na nahodha wa timu ya hospitali hakutaka kumpoteza, basi akamtafutia kazi katika idara ya Sir Almroth Wright, bingwa wa elimu ya chanjo. Fleming alikuwa mfupi wa kimo na mtu wa maneno machache. Alikaa katika idara hiyo karibu maisha yake yote.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wright na wasaidizi wake walipelekwa Boulogne, Ufaransa, wakafanya maabara ndani ya jumba lililokuwa la kamari. Huko Fleming aliona jambo lililomsikitisha sana. Askari waliletwa na majeraha ambayo yenyewe yasingaliwaua, lakini siku chache baadaye walikuwa wamekufa, maana vijidudu vimeoza jeraha na kuingia katika damu. Madaktari walimimina dawa kali ndani ya majeraha. Fleming akaonyesha kwamba dawa hizo hazikufika katika mifuko ya ndani ya jeraha walikojificha vijidudu, tena ziliua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Tangu hapo alikuwa akitafuta kitu kitakachoua vijidudu bila kumdhuru mgonjwa.

Wanafunzi, yafaa tuelewe maana ya vijidudu kuingia katika damu. Juu ya ngozi yetu, puani na tumboni mna vijidudu vingi sana, na kwa kawaida havitudhuru, kwa kuwa viko mahali pake. Lakini vikipata mlango, kama vile jeraha, kisu cha upasuaji, au mpira uliotiwa katika mshipa wa mgonjwa, huweza kuingia katika damu. Damu hupita kila mahali, basi navyo hupelekwa kwenye mapafu, moyo na figo. Mgonjwa hupata homa kali na kutetemeka, mapigo ya moyo huenda mbio, nguvu ya damu hushuka, na pengine hufa kwa siku moja au mbili. Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na hapo kale wengi walikufa kwa mwiba tu.

Mwaka 1921 Fleming aligundua kwamba kamasi na machozi yana kitu kinachoyeyusha baadhi ya vijidudu. Hakikufaa kuwa dawa, maana hakikuua vile viletavyo maradhi makubwa. Lakini jicho lake lilikwisha zoea kutafuta mahali vijidudu vinapokufa.

Kisha ukaja mwaka 1928. Fleming alikuwa akiotesha katika visahani vya kioo aina ya vijidudu viitwavyo stafilokoki, vinavyoleta majipu na pia sumu katika damu. Akaenda likizo, akiviacha visahani juu ya meza. Aliporudi tarehe 3 Septemba, aliona kisahani kimoja kimeota ukungu, kama ule uotao juu ya mkate wa zamani. Mtu mwingine angalikiosha. Fleming alitazama, akaona kwamba kandokando ya ukungu ule vijidudu vimetoweka, lakini mbali nao vimestawi. Ukungu ulikuwa ukitoa kitu kinachoviua. Mwaka 1929 aliandika habari hizo katika gazeti la wataalamu, na kitu kile akakiita penisilini, kwa jina la ukungu wenyewe.

Lakini hakuweza kuitenga penisilini safi. Ilikuwa kidogo sana, tena iliharibika upesi. Miaka 10 na zaidi ikapita. Ndipo huko Oxford Howard Florey, mtu wa Australia, na Ernst Chain, aliyekimbia Ujerumani, pamoja na Norman Heatley, walipoishika kazi. Tarehe 25 Mei, 1940, waliwatia panya 8 vijidudu vya kuua. Wanne walipewa penisilini, wanne hawakupewa. Kesho yake wale wanne waliopewa walikuwa hai. Wengine wote walikuwa wamekufa. Kwa kuwa wakati ule wa vita vyombo vilikuwa haba, waliotesha ukungu hata katika vyombo vya kujisaidia vya wagonjwa.

Mgonjwa wao wa kwanza alikuwa askari polisi, Albert Alexander, aliyekuwa na vijidudu katika damu, majipu yameenea usoni na kichwani, na jicho moja limeondolewa. Mwezi wa Februari, 1941, alianza kudungwa penisilini. Baada ya siku chache homa ilishuka akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa ndogo mno, hata wakaitoa tena katika mkojo wake ili wamdunge mara ya pili. Ikaisha. Vijidudu vilivyobaki vikaongezeka tena, na tarehe 15 Machi akafa. Mtu huyu alitufundisha mambo mawili: kwamba dawa yaweza kushinda, na kwamba dawa isiyotosha huacha adui hai.

Baadaye Marekani ilisaidia kutengeneza penisilini kwa wingi, na kufikia mwaka 1944 ilitosha kwa majeruhi wa majeshi. Mwaka huo Fleming akapewa cheo cha Sir, na mwaka 1945 akapokea Zawadi ya Nobel pamoja na Florey na Chain.

Sasa nafika kwenye ile nusu ya pili ya habari. Tarehe 11 Desemba, 1945, huko Stockholm, Fleming alitoa hotuba yake ya Nobel. Dunia nzima ilikuwa ikiisifu penisilini, na yeye angaliweza kujisifu tu. Badala yake alieleza kwamba si vigumu kuvifundisha vijidudu kuivumilia dawa: ni kuvipa kidogo tu, kisichotosha kuviua. Akatoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo anayejinunulia penisilini, akainywa kidogo, vijidudu vyake vikawa sugu, naye akamwambukiza mkewe. Mke akashikwa na kichomi, akapewa penisilini, nayo isimfae, akafa. Fleming akauliza ni nani basi aliyemwua mama yule, akajibu kwamba ni mumewe, kwa uzembe wake.

Haikuchukua muda. Katika hospitali moja ya London iliyochunguzwa na daktari Mary Barber, mwaka 1946 stafilokoki sugu zilikuwa 14 tu katika kila 100. Mwaka 1948 zilikuwa 59. Wakatafuta dawa nyingine, iitwayo methisilini, ikaanza kutumika mwaka 1959. Na mwaka 1961 ilitangazwa huko Uingereza kwamba zimekwisha patikana stafilokoki zisizoijali.

Mambo huwa hivi. Katika mamilioni ya vijidudu huwamo vichache vyenye silaha ya kujikinga, kama vile kitu cha kuivunja penisilini. Dawa huua vilivyo dhaifu, na vile vichache hubaki na shamba zima peke yao. Kijidudu kimoja huweza kuwa viwili kwa dakika 20 au 30. Tena vijidudu huweza kupeana silaha hiyo, hata kama si vya aina moja. Hospitalini, ambako dawa ni nyingi, wagonjwa ni dhaifu na mikono ya wahudumu hupita kitanda hata kitanda, vijidudu sugu hupata makao mema.

Haya si mambo ya Ulaya tu. Miaka ya 2001 na 2002, katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walichunguzwa watoto 1,828 waliolazwa na dalili za maambukizo makali. Karibu 14 katika kila 100 walikuwa na vijidudu ndani ya damu, na zaidi ya theluthi ya hao walikufa. Wale ambao vijidudu vyao havikusikia dawa waliyopewa walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 peke yake vijidudu sugu viliwaua watu 1,270,000 duniani.

Katika kazi yangu huitia damu ya mgonjwa katika chupa, na vijidudu vikiota, huvipanda katika kisahani na kuweka juu yake vikaratasi vidogo vyenye dawa mbalimbali. Kesho yake, dawa inayofaa huwa imezungukwa na duara safi, sawasawa na alivyoona Fleming. Mara moja nilipokea damu ya kijana wa umri wenu, aliyelazwa wiki nyingi kwa kuvunjika mguu. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka kwenye ukingo wa kila karatasi. Nikampelekea daktari majibu. Alikuwa ametumia dawa zote alizokuwa nazo, na kijana hakupona.

Fleming alifariki London tarehe 11 Machi, 1955, na majivu yake yakazikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Alipata heshima nyingi, lakini heshima kubwa tuwezayo kumpa sisi ni kulishika onyo lake. Mafua ya kawaida hayaponi kwa dawa hizi, wala malaria haitibiwi kwa penisilini. Usinunue vidonge viwili dukani kwa sababu fedha imepunguka, wala usigawane na mwenzako bwenini. Daktari akikuandikia dawa, imeze kwa kipimo na kwa siku alizosema. Ukienda kumwona mgonjwa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika na baada yake. Na wale kati yenu watakaokuwa madaktari, wauguzi na wauza dawa, msiitoe dawa kwa kumridhisha mtu tu.

Dawa nyingine mtu akiitumia vibaya hujidhuru mwenyewe. Hii akiitumia vibaya, humnyang'anya mgonjwa asiyemjua, aliyelala katika wodi asiyoiona. Kwa hiyo penisilini na ndugu zake ni mali yetu sote, nasi tuitunze kama watu watunzavyo kisima cha kijiji.