Thomas Dorsey, Mtunzi wa Nyimbo Zilizovuma kwa Sauti za Wengine

Wengi wetu tulilelewa katika nyumba ambazo hazikukosa santuri au kanda ya Jim Reeves. Miongoni mwa nyimbo alizoimba upo "Take My Hand, Precious Lord". Wengine tuliusikia kwa Elvis Presley, wengine kwa Mahalia Jackson, na kila mmoja akadhani wimbo ni wa yule aliyemsikia kwanza. Mwenye wimbo ni Thomas Andrew Dorsey. Kwa kuwa tunasherehekea jubilii ya kwaya, tumeona vyema tumkumbuke mtu huyu aliyetumia maisha yake kuunda kwaya.

Dorsey alizaliwa tarehe 1 Julai 1899 huko Villa Rica, katika jimbo la Georgia, Marekani. Baba yake alikuwa mhubiri na mama yake alicheza kinanda kanisani. Hata hivyo, riziki yake ya kwanza aliipata katika kumbi za starehe, akipiga piano ya bluzi kwa jina la Georgia Tom. Alihamia Chicago, akampigia Ma Rainey, mwimbaji mashuhuri wa bluzi siku hizo. Mwaka 1928, yeye na mwenzake Tampa Red walitoa wimbo uliouzwa sana, ambao maneno yake hayafai kuchapishwa katika kijitabu hiki.

Katika miaka hiyo aliugua msongo mkubwa wa mawazo hata akashindwa kufanya kazi. Alipopata nafuu aligeukia nyimbo za injili, ila mapigo ya bluzi hakuyaacha, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Makanisa makubwa ya Wamarekani Weusi yalipenda uimbaji wa utulivu wa mtindo wa Kizungu, na wachungaji wengi waliona Dorsey anawaletea kilabu madhabahuni. Alikopa pesa za stempu, akatuma nakala 500 za wimbo wake kwa makanisa, na muda mrefu ukapita kabla ya mtu kuagiza hata moja. Mlango ulifunguka mwaka 1931, yeye na Theodore Frye walipoanzisha kwaya ya injili katika kanisa la Ebenezer Baptist. Mwaka uliofuata aliitwa kuongoza kwaya ya Pilgrim Baptist, akakaa huko kwa miongo mingi.

Agosti 1932 alisafiri kwenda St. Louis kuimba katika mkutano wa injili, akimwacha mkewe, Nettie, akiwa karibu kujifungua. Akiwa mkutanoni aliletewa simu ya maandishi kwamba Nettie amefariki. Alirudi Chicago akamkuta mtoto wa kiume yu hai, lakini baada ya muda mfupi naye akafa. Mama na mwana walizikwa katika jeneza moja.

Dorsey alitaka kuachana na injili na kurudia bluzi. Siku chache baadaye alikuwa na Frye, akaketi kwenye piano na kuanza kupapasa tuni ya tenzi ya zamani. Maneno yakamjia juu ya tuni hiyo: mtu aliyechoka, anayemwomba Bwana amshike mkono. Inasimuliwa kwamba neno moja la kumtaja Bwana lilibadilishwa kwa shauri la Frye. Wanaotunga miongoni mwetu wanajua neno moja linavyoweza kuubeba wimbo.

Hapa ni lazima tumtaje mama mmoja, Sallie Martin. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza na noti hakuzijua, wala Dorsey mwenyewe hakuvutiwa naye mwanzoni. Lakini ndiye aliyegundua kwamba pesa za mauzo ya nyimbo zilikuwa zinapotea ovyo, akapanga hesabu hadi biashara ikasimama. Sisi tunaoshika daftari za kwaya tunampenda bure! Pamoja na wenzao walianzisha mkutano wa taifa wa kwaya za injili, na Dorsey akauongoza kwa miaka mingi.

Nyimbo zake zilifika mbali kuliko yeye. Alizunguka na Mahalia Jackson akimpigia piano, na kwa ajili yake akatunga "Peace in the Valley". Mwaka 1951 Red Foley aliuimba kwa mtindo wa kantri ukauzwa mno, na Januari 1957 Elvis akauimba kwenye televisheni. Martin Luther King alipenda sana "Precious Lord". Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, muda mfupi kabla ya kupigwa risasi, alimwomba mwanamuziki mmoja aupige katika mkutano wa usiku huo. Mahalia aliuimba kwenye mazishi yake, na Mahalia alipofariki mwaka 1972, Aretha Franklin akamwimbia wimbo uo huo.

Dorsey alifariki Chicago tarehe 23 Januari 1993, akiwa na umri wa miaka 93.

Wimbo wake ni wa saba katika ratiba ya leo. Jina la mtunzi tumelichapisha chini ya kichwa chake.