Khama wa Tatu, mtawala aliyewafukuza wauza pombe

Khama wa Tatu, aliyezaliwa miaka ya 1830, alitawala kabila la Bangwato katika nchi ambayo leo ni Botswana. Alibatizwa mwaka 1860, na mwaka 1875 akashika madaraka kikamilifu.

Mji wake wa Shoshong ulikuwa kituo cha biashara. Wafanyabiashara wa Kizungu walileta nguo, bunduki na pombe kali, wakaondoka na pembe za ndovu na manyoya ya mbuni. Khama alipiga pombe hiyo marufuku. Waliokaidi aliwaamuru wafunge mizigo, wapakie magari yao ya ng'ombe na kuondoka.

Mwaka 1895 alikwenda Uingereza na watawala wenzake, Sebele na Bathoen, kupinga nchi yao kukabidhiwa kampuni ya Cecil Rhodes. Waliomba pia pombe ya Wazungu izuiwe. Waziri Joseph Chamberlain alikubali.

Lakini Khama alipoigeukia pombe ya mtama, iliyopikwa na wanawake nyumbani, alikwama. Hiyo ilikuwa chakula, malipo ya kazi za shamba na heshima ya mgeni. Watu walinung'unika, hata miongoni mwa ndugu zake, na marufuku hiyo haikushika kama ile ya kwanza.

Alifariki mwaka 1923. Mjukuu wake, Seretse Khama, akawa rais wa kwanza wa Botswana mwaka 1966.

Sisi tunaovuka mipaka na mizigo tunalielewa jambo hili: chupa ya mgeni huzuiwa njiani, lakini chungu cha nyumbani humsubiri mwenye nyumba akubali mwenyewe.