Al-Razi, tabibu aliyepambanua ndui na surua

Leo tunamtazama Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyezaliwa Rayy, Uajemi, karibu na mwaka 865, akasimamia hospitali ya mji huo na baadaye ya Baghdad.

Zama hizo mtoto akishikwa na homa kisha akatokwa na vipele, ilikuwa vigumu kujua ni ndui au surua. Wapo waliomtangulia kuyagusa maradhi hayo, ila risala yake fupi ndiyo iliyoyapambanua kwa uwazi. Alimtaka tabibu atazame kabla vipele havijatoka. Maumivu makali ya mgongo, pua kuwasha na kushtuka usingizini vilimwelekeza kwenye ndui. Kichefuchefu na fadhaa vikizidi, na mgongo usiume sana, alidhania surua. Kisha alivichunguza vipele vyenyewe. Vikubwa vyeupe, vichache, vilivyoachana, vilimpa matumaini. Vya zambarau, kijani au vyeusi vilimtia hofu. Kuhusu chanzo alikosea, kwani aliona ni damu ya utotoni inayochacha. Dalili, hata hivyo, alizishika barabara.

Aliagiza pia macho ya mgonjwa yatiwe maji ya waridi mapema, maana ndui ilipofusha wengi. Yeye mwenyewe alipofuka kabla ya kufariki Rayy, karibu na mwaka 925.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Marka, Somalia, mwaka 1977. Surua ingali inawapata watoto wasiochanjwa.